Filamu Niliyoikosha

Kafuri siinunui. Mkinituma Darajani nitakuleteeni iliki, ubani, udi, hata mvuje unaonuka njia nzima, lakini kafuri mtumeni mwengine. Juzi tulifiwa na jirani, binti yangu akanambia nipite dukani nichukue vitu vya kumkoshea marehemu. Nikafika, muuzaji akafungua chupa, harufu ikanipiga usoni, nami nikageuka nikatoka bila ya kumuaga. Nyumbani binti akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamwambia sina kitu. Kwa umri wangu mtu ana haki ya kusema hana kitu. Lakini nyinyi wa rika langu, mliokulia nyumba zenye redio za mbao na bibi wakali, nyinyi nitakwambieni.

Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Wa kumuuliza wameshakwenda wote. Tulikaa Mkunazini, kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa mama, nyumba ya ghorofa mbili yenye uwani katikati na ngazi za mawe zilizolika. Baba alikuwa Mkokotoni na mke mwengine, na hilo halikuniuma hata kidogo kwa sababu mama alikuwa ananitosha. Mama alikuwa mcheshi. Nalisema mapema kwa sababu picha moja tu aliyoiacha ni ile ndogo ya kitambulisho, na humo anaonekana kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Ukiitazama utadhani alikuwa mwanamke mwoga, mwenye huzuni. Uongo mtupu. Alikuwa akiiga sauti za watu wa mtaa mzima, akimwiga mwuza samaki, akimwiga Bibi mwenyewe akisali huku akichungulia nani kapita mlangoni, na Bibi akimtupia kandambili.

Kaka yake, Mjomba Haji, alikuwa fundi redio, na ndiye aliyetuletea balaa la sinema. Jirani mmoja wa Kihindi alipohama na familia yake alimwachia kamera ya kupigia picha za kwenda, ile ya kutia ufunguo kama saa, pamoja na filamu moja ndani ya kikopo cha bati kilichozibwa kwa utepe. Moja tu. Mjomba akamwita rafiki yake Mwalimu Shaame, mtu mnene, msomi, anayependa kusikilizwa, na vijana wengine watatu wanne wa mtaani, wakaunda kilabu. Walikutana ukumbini kwetu kila Jumapili baada ya alasiri. Wakachagua mwenyekiti, naye bila shaka alikuwa Mwalimu, wakaandika na katiba, na hawajapiga hata picha moja.

Sasa, filamu yenyewe ilikuwa ya dakika nne, na nyengine Unguja nzima hakuna. Kwa hivyo walifanya mazoezi kwa kamera tupu. Nyinyi chekeni tu. Mjomba alikuwa akitia ufunguo, kamera inalia krrrr, watu wanaigiza kwa moyo wao wote, na ndani hamna kitu. Miezi mizima! Mimi kwa akili zangu nikidhani kila Jumapili wanatoa sinema mpya, nikawa nawatangazia wenzangu wa chuo cha Kurani kwamba kwetu kuna sinema ishirini.

Kisa alikitunga Mwalimu, na kwa haki yake, kilikuwa kizuri. Mume mmoja ni kobe, yaani hafungi Ramadhani, bali anajifanya amefunga. Mchana anajificha ukumbini anakula halua, mke anamfuma. Basi. Lakini mke watampata wapi? Hakuna aliyekubali kumtoa dada yake. Mama akasema, "Nipeni mimi." Bibi akaweka tasbihi chini.

"Wewe? Utazamwe na kila mwenye macho?"

"Mama, ni mchezo tu. Na kichwa nitafunika."

"Na huyo Mwalimu ndiye mume?"

"Mume wa uongo."

"Wa uongo ndio hatari," Bibi akasema. Lakini mama alijua kumbembeleza, na mwisho Bibi akakubali kwa sharti lake: yeye mwenyewe atakaa juu ya mkeka mwanzo mpaka mwisho, na Mwalimu asimsogelee binti yake karibu kuliko pale mlangoni. Ndiyo maana katika kisa kile mke hamfumi mume kwa kumshika mkono. Anamfuma kwa kusimama kizingitini.

Siku ya kupiga kwa filamu ya kweli, ukumbi ulifagiliwa, madirisha yakafunguliwa yote, na mimi nikawekwa kwenye ngazi nikaambiwa nikipiga chafya nitachapwa. Mjomba alikuwa anatoka jasho. Mwalimu akakaa na sahani ya halua, akamega tonge, mama akatokeza mlangoni na chano, lile sinia letu la mbao, kichwani. Kwenye mazoezi alikuwa akisema, "Bwana, unafanya nini?" Siku ile akasita, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe kobe tunamfuga ndani, na mie nnahangaika kutafuta wa kupika!" Mwalimu akapaliwa kwelikweli, halua ikamtoka puani. Bibi akacheka mpaka akajifunika ushungi. Na mama, na chano chake kichwani, akageuka akanitazama mimi pale kwenye ngazi, akanikonyeza, kisha akasema neno kwa midomo bila ya sauti. Sikulijua ni neno gani. Kamera ikalia mpaka ufunguo ukaisha.

"Imeingia!" Mjomba alipiga kelele. "Yote imeingia, wallahi!"

Nikamfuata mama jikoni. "Mama, umenambia nini pale?" Akasema, "Utaona kwenye sinema." Hayo ndiyo mambo yake. Sikumuuliza tena, kwani haraka ya nini?

Haikupita mwezi akaugua. Macho yakawa ya manjano, chakula hakikai, wakampeleka hospitali, wakamrejesha, na asubuhi moja nikaamka nikakuta viatu vingi mlangoni. Sikulia. Nilikuwa nashangaa tu watu wamepata wapi nafasi ya kuacha viatu vyote vile.

Walimkosha chumba cha chini, nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa na tundu, na mimi nilikuwa na urefu wa tundu lile. Nikaona majani ya mkunazi ndani ya beseni. Nikaona wanaanza upande wa kulia, kisha kushoto, maji mara tatu, na mara ya mwisho wanatia kafuri. Bibi akanikamata akanivuta nyuma. Nikamuuliza, "Bibi, wanamfanya nini?" Akanambia, na sauti yake haikutikisika, "Wanamkosha. Akishakoshwa tutaitwa tumtazame." Na kweli tukaitwa. Mama alikuwa kwenye sanda, ameachwa uso wazi, na ule umanjano ulikuwa umemtoka mashavuni, au mimi ndivyo nilivyoona. Alikuwa safi. Kichwani mwangu jambo likakaa hivyo: mtu akipotea hukoshwa, kisha mnaitwa, mnamwona.

Mnajua tunavyosema sisi Unguja. Kuosha kwetu ni kukosha: vyombo tunakosha, maiti tunakosha, na picha zikishapigwa nazo tunakosha ili sura zitokee. Neno ni hilo hilo. Picha za kusimama zilikoshwa hapa hapa mjini, lakini za kwenda, alisema Mjomba, hazikoshwi mpaka Ulaya, na lazima apatikane msafiri mwaminifu wa kukichukua kikopo. Baada ya hitima ya arubaini Mwalimu akaja kumuuliza, "Haji, ile filamu vipi?" Mjomba akamwambia haijapata mtu. Akaondoka baharia mmoja wa mtaa wetu, Mjomba akasema huyu mlevi. Akaondoka jirani kwenda kutibiwa nje, Mjomba akasema mgonjwa hapewi mzigo. Akapatikana mwanafunzi, mtoto wa watu, mwenye adabu zake. Mjomba akasema kijana mdogo atasahau. Mwalimu alikuwa amekwishawaambia wanafunzi wake wote kwamba ataonekana kwenye kitambaa cheupe, na alikuwa anakosa subira waziwazi.

Mimi ndiye niliyekosa zaidi. Jioni moja nikamfuata Mjomba kwenye meza yake ya redio.

"Mjomba, mama yumo ndani ya kile kikopo?"

Akaweka koleo lake mezani. "Yumo," akasema.

"Mbona hatumwoni?"

"Hajakoshwa bado, mwanangu. Akishakoshwa tutaitwa tumtazame."

Maneno yale yale! Neno kwa neno kama alivyosema Bibi. Basi mimi nikafahamu. Nikafahamu kwamba mama yumo mle gizani, mchafu, anangoja, na wakubwa wanatafuta mtu wa kumkosha hawampati, na mimi nimeona kwa macho yangu jinsi inavyofanywa.

Nikangoja Ijumaa. Wanaume walikwenda msikitini, Bibi alikuwa kwa jirani anasuka ukili wa mkeka. Nikatoa kikopo chini ya meza ya Mjomba, nikaubandua ule utepe kwa meno. Filamu ikafunguka mikononi, ndefu, laini, inateleza, nami nikaibusu. Beseni lilikuwa lile lile. Majani ya mkunazi nilikuwa nimeyachuma tangu alfajiri, na kafuri nilijua Bibi ameisaza ndani ya karatasi kabatini. Tabu niliyoipata ni moja tu: filamu haina upande wa kulia. Nilikaa nikafikiri sana, nikaamua kulia ni kule kulikoanzia.

Nikamkosha kwa upole, nasugua kwa vidole. Na mnajua nini? Maji yakaingia weusi. Weusi kama masizi ya chungu, ukatoka, ukatoka, nami moyo ukanifurahi nikawa nasema, "Uchafu unatoka, mama, unatoka." Maji ya pili yakawa na weusi kidogo. Maji ya tatu nikatia kafuri. Nikaianika filamu kwenye kamba ya nguo, kutoka ukuta hadi ukuta, nikaibana kwa vibanio vyote vya Bibi. Jua la saa saba likapita ndani yake. Nikakaa chini mbele ya kamba nikangoja kuitwa.

Sikuona mtu. Niliona ukuta wa uwani ng'ambo ya pili, na mdudu anapanda. Nikasema labda mpaka ikauke.

Mjomba alirudi na kanzu yake ya Ijumaa. Akasimama kwenye mlango wa uwani, akaitazama kamba, akanitazama mimi, akatazama tena kamba.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Nimemkosha mama," nikamwambia. "Nimemkosha vizuri, mara tatu. Mbona haji?"

Akachutama pale pale, kanzu ikaingia kwenye maji. Akafunika uso kwa mikono yake miwili, nikasikia pumzi inamtoka ndefu sana, kisha akasema taratibu, "Alhamdulillahi." Akanivuta akanikumbatia. Hakunipiga. Hakunambia hata neno baya. Mimi katika maisha yangu nilikuwa nikisema, watu wanauliza rehema ni nini, basi mimi nimeiona imevaa kanzu iliyolowa.

Lakini Jumapili kilabu kikakutana, na Mjomba akawaambia. "Mtoto kaikosha." Ndivyo alivyosema, na ilikuwa kweli. Mwalimu hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya. Alinyanyuka akanisogelea, akaniangalia hasa, akasema, "Wewe umetufuta sote." Akatoka. Walikutana mara mbili zaidi kwa kamera tupu, bila mke na bila Mwalimu, kisha kila mmoja akapata shughuli nyengine.

Chuoni nikapewa jina: Mkosha Filamu. Hilo lilikwisha na utoto. La Mwalimu halikwisha. Alikuwa akikaa kibarazani kwake njia ya sokoni, na mimi sikuwa na njia nyengine. "Shikamoo, Mwalimu." Kimya. Mnajua uzito wake. Hata mwizi akikuamkia unamwitikia marahaba. Nimemwamkia mimi msichana, nimemwamkia mwari, nimemwamkia na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, mpaka siku alipozikwa hakuniitikia hata mara moja. Na wala sikumlaumu. Nilijua nilichofanya. Watu wengine hufiwa na mama zao, mimi wangu nilimfuta kwa mikono yangu, kwa maji mara tatu.

Kilichobaki kilikuwa mdomo wa Mjomba. Kila sikukuu nikimpelekea chakula, namwambia, "Nihadithie." Naye ananihadithia filamu ile toka mwanzo: Mwalimu anamega tonge, mlango, chano, kobe, halua puani. "Kisha anakutazama wewe," ananambia, "uso wote umejaa." Namuuliza, "Midomo ilisema nini?" Mwaka mmoja akasema ilisema "mwanangu." Mwaka mwengine ikasema "subiri." Sikumshika kwa hilo. Nilikuwa nachukua chochote ninachopewa, nakwenda nacho nyumbani.

Miaka ya mwisho alihamia Jang'ombe kwa mwanawe, na huko ndiko alikougulia. Nilikuwa nakwenda mchana kumkalia ili mkamwana apate kupika. Siku hiyo alikuwa na nguvu kidogo. Nikamlaza kwenye mito, nikamnywesha uji, na kwa mazoea yangu nikamwambia, "Mjomba, nihadithie."

Akatikisa kichwa. "Haikuwemo."

"Nini haikuwemo?"

"Funga mlango."

Nikaufunga. Akazungumza akiwa ameelekea dari. Alisema kamera ile ilikuwa na dirisha la kuchungulia juu, na lenzi chini yake, kila kimoja mbali. Ukichungulia unaona kila kitu. Siku ile aliona kila kitu, mama, chano, halua, kila kitu. Walipokwisha kuondoka watu, alikuwa anairejesha kamera kwenye mkoba. "Nnatafuta kifuniko cha lenzi nikitie," akasema. "Nnakuta kimo."

Sikufahamu mara moja. Akanifahamisha kama mtoto. Lenzi ilikuwa imefunikwa mwanzo mpaka mwisho. Filamu yote ilipita gizani.

"Nikasema nitatafuta filamu nyengine, turejee, mtu asijue. Mama'ko akaumwa. Baada ya hapo ningemwambia nani? Shaame? Bibi yako? Ningeipeleka ikakoshwe irudi nyeusi, waseme Haji kampoteza dada yake kwa ujinga?"

"Ndiyo maana wasafiri wote walikuwa wabaya."

"Ndiyo maana."

"Na ile siku ya Ijumaa. Ulisema alhamdulillahi."

"Nilisema." Macho yakamjaa machozi. "Mungu kaniletea mtoto. Nani atamgombeza yatima?"

Nilimkumbuka Mwalimu kibarazani, shikamoo zangu zote zile. Nikamkumbuka yule mtoto uwani anasugua kwa vidole, anafurahi uchafu unatoka. Nilitaka kumuuliza sikukuu zote zile alikuwa akinihadithia nini. Nilitaka kumwambia, basi ungenambia nilipozaa, ungenambia Bibi alipokufa, ungenambia Shaame alipozikwa, siku moja katika siku zote hizo. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Na aibu yangu kubwa ni hii: sikukasirika kwa sababu ya lawama. Nilikasirika kwa sababu, ilipokuwa ni makosa yangu, mama alikuwa amewahi kuwemo.

"Mjomba," nikamwambia, "sema alikuwemo."

"Hakuwemo, mwanangu. Hakuwemo hata siku moja." Akaunyoosha mkono juu ya shuka. "Umenisamehe?"

Mtu aliye katika hali ile hajibiwi ila jibu moja; tumefunzwa hivyo tangu chuoni. Nikaushika mkono wake. "Nimekusamehe, Mjomba," nikasema. Akatulia, akafumba macho, akalala usingizi mzuri ambao hakuwa ameulala kwa wiki nzima. Miaka yote hiyo katika ukoo wetu alikuwako mwongo mmoja. Mchana ule tukawa wawili.